Mtoto aliyejifunika leso: kisa cha rekodi za kielektroniki za uuguzi katika tiba shufaa ya watoto, Mombasa

Kisa hiki kimeandikwa kwa idhini ya mama wa mtoto. Jina, mtaa na hospitali havitajwi, na mambo mawili matatu yamebadilishwa ili familia isitambulike. Vipimo vya dawa, saa na mfuatano wa matukio vimeachwa kama vilivyokuwa, kwa sababu humo ndimo mna funzo. Mimi ni muuguzi wa timu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, iliyomhudumia mtoto huyu nyumbani, na sehemu ya makosa yatakayosimuliwa hapa ni yangu.

Usuli: mtoto, familia na dawa

Binti alikuwa na miaka tisa. Alikuwa na saratani ya mfupa wa paja. Alitibiwa kwa dawa za saratani kwa miezi kadhaa, uvimbe ukapungua, kisha ukarudi, na picha za kifua zikaonyesha kwamba ugonjwa umefika mapafuni. Madaktari walikaa na mama na mjomba wa mtoto mara mbili. Kikao cha pili kiliamua kwamba dawa za saratani zisimame na mtoto ahudumiwe nyumbani, ng'ambo ya feri, kwa nyanya yake, ambako kuna uwanja wenye kivuli na binamu wa kucheza nao.

Tiba shufaa kwa mtoto haingoji siku za mwisho. Shirika la Afya Duniani linaieleza kuwa ni huduma ya mwili, akili na roho ya mtoto, pamoja na kuitegemeza familia yake, na kwamba ianze ugonjwa unapogunduliwa. Kwetu Mombasa wengi hutufikia wakiwa wamechelewa. Binti naye alitufikia amechelewa, lakini hakuchelewa kiasi cha kushindwa kusaidiwa.

Alikuwa na kilo 20. Daktari wa timu alimwanzishia morfini ya maji, ile yenye miligramu 1 katika kila mililita 1, miligramu 4 kila baada ya saa nne. Hicho ni kipimo cha kuanzia cha miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Morfini ya maji hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, ndiyo maana haingoji mtoto aanze kulia ndipo apewe. Hupewa kwa saa zake, usiku na mchana. Pamoja nayo alipewa dawa ya kulainisha choo. Mgonjwa huzoea usingizi wa morfini baada ya siku chache, lakini choo kufunga hakuzoeleki. Anayekunywa morfini kila siku bila dawa ya choo atafungika.

Mama alipewa kadi ya karatasi ngumu. Upande mmoja ulikuwa na kipimo na upande wa pili visanduku vya kutia alama kila dozi. Niliijaza mwenyewe kwa kalamu ya bluu, nikaandika nyakati sita za dawa: 12, 4, 8, 12, 4, 8. Nambari hizo zitarudi mbele.

Mfumo tuliokuwa tukiutumia

Hospitali ilikuwa imehamia kwenye rekodi za kielektroniki miezi michache kabla. Wodini kulikuwa na kompyuta mbili kwenye meza ya wauguzi, na timu yetu ya nyumbani ilipewa vishikwambi. Kishikwambi kikikosa mtandao huhifadhi rekodi ndani yake, na rekodi hiyo haionekani na mtu mwingine yeyote mpaka kifike penye mtandao na muuguzi abonyeze kitufe cha kutuma.

Fomu zenyewe zilitengenezwa kwa ajili ya wodi za watu wazima, watoto wakaongezewa baadaye. Skrini ya kwanza ilibeba joto, mapigo ya moyo, pumzi, na kisanduku cha maumivu kinachotaka nambari kuanzia 0 hadi 10. Bila kujaza nambari hiyo huwezi kuendelea. Chini kabisa, baada ya skrini tano nyingine, kulikuwa na nafasi ya "maelezo mengine". Kulikuwa pia na kitufe cha kuleta maelezo ya mara iliyopita, ili muuguzi abadilishe yaliyobadilika tu. Kitufe hicho kilipendwa sana, na haki yake kilikuwa nayo: muuguzi mwenye wagonjwa zaidi ya 30 hawezi kuandika kila kitu upya.

Wakati wa kuhama, agizo lilitoka kwamba rekodi halali ni ile iliyo kwenye mfumo. Sababu ilikuwa nzuri. Watu walikuwa wakiandika mara mbili, kwenye daftari na kwenye kompyuta, na mambo mawili yakipingana hakuna aliyejua ashike lipi. Kilichobaki kwenye karatasi ni kitabu cha DDA tu, yaani cha dawa hatari zinazodhibitiwa kisheria, ambamo kila mililita ya morfini inayotoka kabatini hutiwa saini mbili.

Yaliyotokea

Siku ya kwanza nilipomtembelea nyumbani, Binti alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, amejifunika leso ya nyanya yake kutoka kichwani hadi kifuani. Nilidhani amelala. Nikapunguza sauti. Mama akanishika mkono akaniambia:

"Hajalala huyu, sista. Yuwajificha. Kuumwa kwake ni kunyamaza."

Nilichutama kando ya mkeka, nikamwita kwa jina. Leso haikutikisika. Lakini vidole vya mkono wa kulia, vilivyochomoza chini ya pindo, vilikuwa vimeufumbata ule upindo mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nilimwonyesha kadi ya nyuso sita za kupimia maumivu, kuanzia 0 hadi 10, akaitazama kwa jicho moja kupitia upenyo wa leso, akagusa uso wa tano, ambao ni 8. Hakutoa sauti hata moja.

Nililiandika jambo hilo. Kwenye "maelezo mengine" niliweka kwamba mtoto akizidiwa na maumivu hujifunika leso usoni na kunyamaza, halii, na mama ndiye anayemsoma. Nililiandika kwa Kiingereza, kama tunavyoandika rekodi zetu zote.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzuri. Maumivu yalishuka hadi 2, na Binti alikuwa akikaa uwanjani akiwaamuru binamu zake katika mchezo wa duka.

Jumatano ya wiki ya tatu aliletwa kliniki. Muuguzi mwenzangu alimwona katikati ya msururu mrefu. Alibonyeza kuleta maelezo ya mara iliyopita, akabadilisha uzito na joto, akahifadhi. Mstari wa choo ulisema "kawaida", kama ulivyosema wiki iliyopita. Dawa ya choo ilionekana kwenye orodha kuwa inaendelea. Nyumbani ilikuwa imekwisha siku nne nyuma, na mama, aliyeulizwa habari za mguu na za usingizi, hakuulizwa habari za choo.

Ijumaa alasiri nilimtembelea. Dozi ilikuwa ikiisha nguvu kabla ya saa zake. Mtoto alionyesha 8 tena. Nilimpigia simu daktari wa timu, tukakubaliana kupandisha hadi miligramu 6. Hilo ni ongezeko la nusu, ambalo ndilo kikomo ndani ya saa 24 kwa mtoto aliye nyumbani. Tuliweka pia dozi ya ziada ya miligramu 3 kwa maumivu yanayochomoza katikati. Nilikata kipimo cha zamani kwenye kadi ya mama, nikaandika "ml 6", nikatia saini. Nikajaza kishikwambi. Mtandao haukuwepo.

Nilivuka na feri jioni. Nilipofika ofisini stima zilikuwa zimepotea na kishikwambi kilikuwa na asilimia 3. Nilikichomeka ukutani ili stima zikirudi kijae, nikaenda nyumbani. Rekodi ya miligramu 6 ililala ndani ya kishikwambi, na kwa kuwa daktari huthibitisha maagizo yake kwa kutia saini juu ya rekodi ya muuguzi, naye hakuwa na cha kutilia saini.

Jumamosi jioni Binti alianza kutapika. Dozi ya saa 12 jioni haikukaa tumboni, wala ile ya saa 4 usiku. Mama alipiga simu ya timu, ambayo usiku haina mtu. Wakachukua tuktuk hadi kivukoni, wakavuka, wakafika hospitali karibu na saa 6 usiku.

Alilazwa saa 7. Muuguzi wa usiku alimchoma sindano ya kuzuia kutapika, akafungua mfumo, akakuta morfini miligramu 4. Mama akamwonyesha kadi: ml 6. Vipimo viwili tofauti vya dawa nzito, kwa mtoto asiyemjua, saa saba za usiku. Alimpigia daktari wa zamu, naye alisoma kilekile kwenye mfumo. Wakashika miligramu 4. Kitabu cha DDA kinaonyesha zilitolewa saa 7:15.

Sasa tazama saa. Mfumo, muuguzi anapochagua dawa ya kila baada ya saa nne, hupanga wenyewe saa za kawaida za wodi: 00:00, 04:00, 08:00 na kuendelea. Dozi ya 04:00, yaani saa 10 alfajiri, ilikuwa karibu mno na ile ya saa 7:15, kwa hivyo muuguzi aliiruka. Inayofuata ikawa 08:00, saa 2 asubuhi. Mtoto aliyepoteza dozi mbili kwa kutapika, akapewa theluthi mbili ya kipimo chake, aliachwa karibu saa saba bila nyingine.

Na saa 8 usiku mama alikwenda kwenye meza ya wauguzi kuulizia dozi ya saa 8. Muuguzi alitazama kadi, akaona 8, akatazama skrini, akaona 08:00. Akamjibu kwa upole kwamba ni kweli, ya saa nane ipo, atapewa wakati ukifika. Kila mmoja alidhani wamekubaliana.

Katika mzunguko wa saa 11 alfajiri muuguzi alimkuta Binti ametulia, amejifunika leso. Mama akasema yuwajificha. Muuguzi akasikiliza pumzi, akaona ziko sawa, akasema, "Amelala, mama. Na wewe pumzika kidogo." Kwenye kisanduku cha maumivu akaandika 0. Kwenye maelezo akaandika kwa Kiingereza kwamba mgonjwa amepumzika vizuri.

Asubuhi aliingia muuguzi wa mchana, mwanamke aliyefanya kazi wodi za watoto miaka mingi. Alisoma ile 0, akaenda kitandani, akaketi pembeni badala ya kusimama, akamuuliza mama maswali mawili: mtoto alipata choo lini mara ya mwisho, na huyu akiumwa huwaje? Jibu la kwanza lilikuwa siku sita. Jibu la pili mnalijua. Akapapasa tumbo, akakuta limejaa na gumu. Akanipigia simu saa 2 kasoro.

Maamuzi na sababu zake

Nianze na uamuzi wa muuguzi wa usiku kushika kipimo kidogo, kwa kuwa ndio wa kwanza watu huulaumu wakisikia kisa hiki. Mimi siulaumu. Morfini ikizidi mtoto husinzia mno na pumzi zake hupungua; ikipungua huumia. Asiyejua lipi kati ya maandishi mawili ni sahihi, akichagua lililo salama kwa pumzi ya mtoto, amefanya alivyofundishwa. Kilichokosekana ni njia ya kuuliza. Simu yangu ilikuwa wazi usiku kucha, lakini nambari yangu haikuwa kwenye kadi wala kwenye mfumo.

Uamuzi wa kuruka dozi ya saa 10 ulitokana na mashine. Kama angepanga kwa mkono kuanzia saa 7:15, inayofuata ingekuwa saa 11:15.

Jumapili asubuhi daktari wa timu alizungumza moja kwa moja na daktari wa wodi, wakakubaliana kurudi kwenye miligramu 6, kwa kuwa mtoto alikwisha kuivumilia tangu Ijumaa jioni bila usingizi wa kupita kiasi. Walikubaliana pia kwamba kutapika kulitokana na choo kufunga, si na morfini kuwa nyingi, hivyo dawa ya kufungua choo itolewe kupitia njia ya haja na ile ya kunywa irudishwe. Muuguzi wa mchana alipendekeza saa za dawa zirudi zile za nyumbani. Nilikwenda ofisini, nikawasha kishikwambi, nikabonyeza kutuma. Rekodi ya Ijumaa ikapanda kwenye mfumo ikiwa na siku mbili nyuma yake.

Kuna uamuzi mwingine, wa nyuma kidogo, ambao naona ni wa kusimuliwa. Katika ziara ya pili Binti aliniambia jambo kuhusu kifo akaniomba nisimwambie mama. Niliandika tu kwamba mtoto amezungumza nami jambo analotaka libaki kati yetu, kwamba halimhatarishi, na kwamba nitalirudia naye. Sikuandika maneno yake. Skrini ile inafunguliwa na watu wengi, na mama hukaa karibu nayo kliniki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti na inataka data ya mtoto itumike kwa namna inayolinda maslahi yake. Lakini hata bila sheria, mtoto aliyekuamini ana haki ya kujua kwamba siri yake haitasomwa na karani. Wiki moja baadaye alimwambia mama mwenyewe, nikiwa nimekaa katikati yao.

Matokeo

Dozi ya miligramu 6 ilitolewa saa 2:30 asubuhi. Kabla ya saa moja kupita, leso ilishuka hadi shingoni, kisha hadi kiunoni, na Binti akaomba simu ya mama atazame katuni. Choo kilifunguka alasiri. Jumanne alirudi nyumbani na dawa zote mbili.

Aliishi wiki tano zaidi. Kwa sehemu kubwa ya wiki hizo aligusa uso wa kwanza au wa pili kwenye kadi ya nyuso. Alifariki alfajiri ya Alhamisi kwa nyanya yake, mama na nyanya wakiwa pembeni, akazikwa siku hiyohiyo.

Siku ya hitima, simu ya mama ilipokea ujumbe mfupi wa mfumo: mpendwa mzazi, kumbuka kliniki ya mtoto wako Jumatano saa 2:00 asubuhi, usikose. Mfumo ulikuwa na njia nne za kufunga faili: ameruhusiwa, amehamishwa, amefariki wodini, ametoroka. Mwenzangu aliyetaka kumfungia hakukuta aliyefariki nyumbani, akaliacha faili wazi mpaka aulize. Mama alinipigia. Hakulalamika. Aliniuliza kama ni lazima aje.

Uchambuzi

Mambo kadhaa yalikwenda sawa na yanafaa kutajwa kabla ya mengine. Kipimo kilipandishwa kwa wakati na kwa mashauriano. Mama alitia alama kila dozi, na pembeni ya zile mbili zilizotapikwa aliandika "katapika", jambo lililomsaidia daktari Jumapili kuliko chochote kilichokuwa kwenye skrini. Siri ya mtoto ilihifadhiwa. Na kadi ya karatasi, ambayo agizo liliivua heshima, ndiyo iliyokuwa sahihi usiku ule.

Kukwama kwa rekodi ndani ya kishikwambi ni kosa langu na pia la mpangilio. Nilipaswa kupiga simu wodini Ijumaa ileile. Lakini mfumo unaomruhusu muuguzi kuondoka bila kuonywa kwamba ana rekodi ya morfini ambayo haijafika popote, unamtegemea mtu aliyechoka, gizani, akumbuke. Tusijenge usalama wa mtoto juu ya kumbukumbu ya mtu wa namna hiyo.

Suala la choo ni fupi. Neno "kawaida" lilinakiliwa, halikuulizwa. Kuna mambo ambayo kunakili hakuyadhuru, kama mzio wa dawa au kundi la damu. Choo cha mtoto anayekunywa morfini hakimo katika mambo hayo.

Suala la saa lilinishangaza, nami nimeishi na saa hizi maisha yangu yote. Sisi wa Pwani husema na kuandika saa ya Kiswahili; mfumo unajua saa 24. Kwa kawaida mgongano huo hujitokeza wenyewe, kwa kuwa mtu akiona miadi ya saa 2 usiku anashtuka na kuuliza. Lakini chukua dawa ya kila baada ya saa nne, uianzie saa 12 asubuhi: 12, 4, 8, 12, 4, 8. Kisha chukua saa za wodi zinazoanzia saa sita usiku, uzisome kwenye saa ya ukutani: 12, 4, 8, 12, 4, 8. Nambari ni zilezile, zimepishana kwa saa mbili, na hakuna kitu kwenye karatasi cha kumshtua msomaji. Dawa hii, kwa mpangilio huu hasa, inaficha kosa lake. Niliiandika kadi ile bila kuweka asubuhi wala usiku, kwa kuwa mama alijua. Sikumfikiria mtu wa tatu atakayeisoma.

Sasa leso. Hapa ndipo pananiuma zaidi, kwa sababu habari ilikuwemo. Ilikuwa imeandikwa, na aliyeihitaji angelazimika kupita skrini tano kuifikia, saa saba za usiku, bila kujua kwamba ipo.

Muuguzi wa usiku alimpima Binti kwa macho. Kipimo cha FLACC tunachofundishwa kwa watoto wasioweza kusema huangalia uso, miguu, kujongea, kilio na kama mtoto anatulizika. Kwa maumivu ya ghafla, ya sindano au ya upasuaji, kinafaa. Lakini mtoto aliyeumwa kwa wiki na miezi mara nyingi huacha kulia na kujinyonganyonga. Hutulia, hujikunja, hukataa kuzungumza, na kwa macho ya mgeni huonekana amelala. Kwa kipimo hicho Binti angepata alama ndogo huku akiwa kwenye 8. Isitoshe, alikuwa na miaka tisa na angeweza kujibu mwenyewe, kama angeamshwa na kuonyeshwa nyuso. Muuguzi hakutaka kumwamsha mtoto mgonjwa. Ulikuwa wema, na wema huo uliandikwa kwenye mfumo kama sifuri.

Kisha kuna lugha. Mama alisema "yuwajificha" mara mbili kwa watu wawili. Neno hilo limebeba kila kitu: kwamba mtoto yuko macho, kwamba anafanya makusudi, kwamba kuna anachokimbia. Lilipovuka kuingia kwenye rekodi likawa kupumzika. Hata mimi, niliyelielewa vizuri, nililiandika kwa Kiingereza cha ofisini kwa namna ambayo mtu angeweza kuisoma na kuipita. Mimi naamini tungeliandika kama lilivyotamkwa, muuguzi yeyote wa Mombasa angesimama hapo.

Tulichobadilisha

Kikao cha kukagua kisa kilikaa wiki mbili baada ya maziko, na muuguzi wa usiku alialikwa kama mshiriki. Yeye ndiye aliyetoa pendekezo lililopita bila ubishi: juu kabisa ya skrini ya kwanza ya kila mtoto wa tiba shufaa, kabla ya joto na kabla ya nambari ya maumivu, kuwe na mstari mmoja wenye kichwa "Akiumwa huwa hivi". Hujazwa kwa maneno ya mtoto au ya mlezi, kwa lugha waliyoitumia, na haufichiki kwa kushusha skrini. Mtengenezaji wa programu alihitaji siku chache tu kuuweka.

Kadi ya nyumbani sasa inaandikwa miligramu, mililita na nguvu ya dawa iliyo chupani, vyote vitatu, kwa sababu "ml 6" peke yake haina maana mtu akipewa chupa ya nguvu nyingine. Saa zimeandikwa kwa njia zote mbili, saa 4 usiku na pembeni 22:00, pamoja na picha ya jua au ya mwezi kwa nyanya wasiosoma. Nambari ya simu ya muuguzi iko juu. Mtoto akifika wodini kadi hupigwa picha na kuingizwa kwenye rekodi, na ikipingana na mfumo muuguzi hupiga simu kwanza. Saa za dawa za nyumbani ndizo zinazofuatwa.

Sehemu ya choo hainakiliki tena, inataka tarehe. Kishikwambi hulia mpaka rekodi itumwe. Njia ya tano ya kufunga faili imeongezwa, na ikichaguliwa meseji zote husimama. Simu ya usiku bado haina mtu wa kudumu. Tunapokezana kwa kujitolea, na hiyo si suluhu ya kudumu kwa huduma ambayo maumivu yake hayafungi ofisi saa 11 jioni.

Mama alikuja wiki ya tatu kurudisha chupa ya morfini iliyobaki, kama tunavyowaomba wote. Alikuja na kadi pia, akauliza kama anaweza kubaki nayo. Tuliipiga picha, tukaiweka kwenye faili la Binti, tukamrudishia. Upande wa nyuma, safu ya mwisho, kuna alama kwenye saa 12 jioni, kwenye saa 4 usiku na kwenye saa 8 usiku. Kisanduku cha saa 12 asubuhi kiko wazi.